Kusaka masalia ya vita kwenye viwanja vya zamani vya ndege Uingereza: ramani kwanza, kigunduzi baadaye

Mashamba mengi ya ngano ya Norfolk, Suffolk, Cambridgeshire na Lincolnshire yalikuwa viwanja vya ndege za kivita, vya RAF (Jeshi la Anga la Uingereza) na vya Jeshi la Nane la Anga la Marekani lililofika mwaka 1942. Kiwanja kimoja ni mamia ya ekari zilizojaa misumari, vipande vya bati, nyaya na mabaki ya mabomba. Anayeingia na kigunduzi cha metali bila kujua amesimama sehemu gani ya kiwanja atachimba takataka siku nzima, na pengine atachimba kitu ambacho hakipaswi kuguswa. Kila sehemu ya kiwanja ina metali zake na hatari zake, na zote mbili zinasomeka kwenye ramani kabla hujawasha mashine.

1. Kisome kiwanja ukiwa nyumbani

Viwanja vya ndege za mabomu vya miaka ya mwisho ya vita vilifuata kiolezo kimoja, Daraja A. Njia tatu za kurukia zinakatana: kuu ina yadi 2,000 (kama mita 1,830), mbili ndogo zina yadi 1,400 (mita 1,280), na zote zina upana wa yadi 50. Barabara ya pembezoni yenye upana wa futi 50 inazizunguka, na kutoka humo zinachomoza sehemu za kuegesha ndege moja moja, nyingine za duara kama kikaango, nyingine za kitanzi. Ndege zilitawanywa hivyo ili bomu moja la adui lisiteketeze nyingi. Hangari, karakana na mnara wa kuongozea ndege vilikaa pamoja. Bohari ya mabomu ilikuwa upande wa mbali. Mabweni, majiko, zahanati na vilabu vya askari vilisambazwa mashambani na misituni, vingine zaidi ya kilomita moja kutoka njia ya kurukia.

Tafuta vitu vitatu. Cha kwanza ni mchoro wa kiwanja wa Wizara ya Anga, wenye kila jengo na namba yake; Makumbusho ya RAF jijini London huhifadhi michoro hiyo. Cha pili ni picha za angani za wakati wa vita. Historic England, taasisi ya urithi wa kihistoria, iliweka mtandaoni mwaka 2023 picha zaidi ya 3,600 zilizopigwa na Wamarekani mwaka 1943 na 1944. Cha tatu ni daftari la matukio la kituo, lililoko Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka, Kew, London, katika faili za AIR 28. Humo huandikwa ajali, mashambulizi na tarehe vikosi vilipoingia na kutoka. Kwa viwanja vya Wamarekani, tovuti ya American Air Museum in Britain husaidia sana kujua kikosi gani kilikaa wapi.

Pandisha mchoro juu ya picha ya setilaiti ya leo. Tumia angalau alama nne ambazo hazijahama: kanisa, njia panda, pembe ya mtaro, makutano ya njia za kurukia. Usitumie alama zilizo upande mmoja tu wa mchoro, maana upande wa pili utapotoka kwa makumi ya mita. Zege la viwanja vingi lilivunjwa na kutumiwa kujengea barabara, hivyo usitegemee kuliona ardhini. Mara nyingi hubaki mstari wa mimea iliyodumaa au ukanda wa kokoto.

Kisha paka rangi. Kijani kwenye mabweni, kingo za maegesho ya ndege na eneo la karakana. Njano kwenye tuta la kujaribia bunduki, jalala na mashimo ya kuzikia vifaa. Nyekundu kwenye bohari ya mabomu, stoo za fataki na mabomu ya moto, stoo za kemikali, na kila mahali ndege ilipoanguka. Kwenye nyekundu huingii na kigunduzi kabisa.

2. Ruhusa na sheria

Ardhi ya Uingereza ina mwenyewe hata kama inaonekana imetelekezwa. Pata ruhusa ya maandishi ya mwenye ardhi, na ikiwa imekodishwa, ya mkulima anayeilima pia. Ruhusa ya mmoja haitoshi. Andikeni ni mashamba yapi, miezi ipi, mageti yapi yafungwe, na vitu vitakavyopatikana vitagawanywaje. Kuchukua kitu bila makubaliano hayo ni wizi kisheria.

Angalia ramani ya MAGIC, inayoonyesha maeneo ya kale yaliyoorodheshwa na maeneo ya uhifadhi wa viumbe. Baadhi ya majengo ya viwanja hivi yameorodheshwa, na kutumia kigunduzi kwenye eneo lililoorodheshwa bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya 1979 ya mambo ya kale na maeneo ya akiolojia. Ardhi ya Wizara ya Ulinzi na misitu ya Forestry England iache.

Sheria ya Ulinzi wa Masalia ya Kijeshi ya 1986 ndiyo inayowanasa wengi. Mahali popote ndege ilipoangukia ikiwa katika utumishi wa kijeshi panalindwa moja kwa moja, awe alikufa mtu au hapana, na hata kama hakuna kibao. Kuchimba hapo kunahitaji leseni ya Wizara ya Ulinzi, na leseni haitolewi panapodhaniwa kuwa na mabaki ya binadamu au milipuko. Ndege nyingi zilianguka ndani ya uzio au mita chache nje yake, zikishindwa kupaa au zikirudi zimejeruhiwa. Ukikuta vipande vingi vya alumini vilivyoyeyuka na kukunjamana sehemu moja, pamoja na risasi zilizolipuka kwa moto, simama. Hapo huenda ni mahali pa ajali ambapo daftari halikupataja. Shimo ambalo mafundi walizika vyuma chakavu ni jambo jingine, lakini kwa mtazamo wa kwanza yanafanana, na mwenye shaka aache.

Jiunge na National Council for Metal Detecting, chama cha watumiaji wa vigunduzi, upate bima ya madhara kwa watu wengine. Wakulima wengi huiulizia kabla ya salamu kuisha.

3. Vifaa

Kigunduzi chochote cha kisasa chenye masafa mengi kwa pamoja kinafaa, ila koili, ile sahani ya chini inayopitishwa juu ya ardhi, ndiyo yenye kuamua. Koili ya sentimita 28 inayokuja na mashine inafaa shamba lililolimwa. Kwenye mabweni na karakana, ambako kuna kipande cha chuma kila shubiri, tumia ndogo ya sentimita 15 hadi 23. Koili kubwa huona vitu vitatu kwa mpigo mmoja, na sauti ya chuma humeza sauti ya kifungo cha shaba kilicho kando yake.

Beba pia kigunduzi kidogo cha mkononi cha kuonyesha kitu kilipo ndani ya shimo, koleo lenye ubapa mwembamba, glavu nene, vifuko vyenye nafasi ya kuandikia, simu inayotoa namba za gridi ya Ordnance Survey (shirika la ramani la Uingereza), na mifuko miwili ya kiunoni: mmoja wa vitu, mwingine wa takataka. Kipimo kidogo cha mionzi si anasa kwenye kiwanja cha ndege. Sababu iko chini. Hakikisha chanjo ya pepopunda haijapitwa na muda, kwa kuwa waya wa miba uko kila mahali.

4. Kuseti mashine na kutembea

Anza na usawazishaji wa ardhi, yaani kuizoesha mashine madini ya udongo wa hapo, mahali pasipo na mlio, na urudie kila unapohama kutoka udongo wa kawaida kwenda kwenye kokoto za njia ya zamani. Weka unyeti kwenye asilimia 70 hivi. Wengi hupandisha hadi mwisho, kisha mashine ikipiga kelele hovyo wanalaumu udongo. Mara nyingi sababu ni nyaya za umeme za juu au uzio wa umeme wa ng'ombe. Shusha unyeti, au badili masafa.

Usizime sauti ya chuma. Iweke chini, iwe mlio mzito, lakini uisikie. Chuma ndicho kinachokuambia kibanda cha Nissen, kile cha bati chenye umbo la nusu duara, kilisimama wapi: misumari na boliti hujipanga kwenye mstatili wenye upana wa mita tano hivi, na vitu vya askari huanguka mlangoni, kando ya njia ya miguu na nyuma ya kibanda. Kuna sababu nyingine pia: senti ya Marekani ya 1943 ni chuma kilichopakwa zinki, na maganda mengi ya risasi za bastola za inchi .45 yenye alama EC yalitengenezwa kwa chuma. Aliyezima chuma hatavisikia kamwe.

Zungusha koili polepole, sekunde mbili hadi tatu kwa mpigo mmoja, sambamba na ardhi, na kila mpigo ufunike nusu ya uliotangulia. Ukipata mlio mzuri, geuka digrii 90 uupime tena. Mlio unaobaki uleule ni wa kuchimba. Unaoruka namba au kupotea mara nyingi ni bati bapa au boliti kubwa inayodanganya. Alumini ndiyo msumbufu mkuu: kipande kidogo husoma kama kifungo, kikubwa husoma kama fedha, na hakuna namna ya kukitenga bila kupoteza vitu vizuri pamoja nacho. Kwenye maegesho ya ndege, chimba yote.

Jaribio moja lisirukwe. Inua koili sentimita 30 kutoka ardhini. Kama mlio bado una nguvu, kitu ni kikubwa. Kwenye kijani huenda ni dumu au karatasi ya chuma yenye matundu iliyowekwa chini ya magurudumu. Karibu na mpaka wa njano au nyekundu, kitu kikubwa chenye umbo la mviringo au bomba hakichimbwi.

5. Kuchimba

Simama sentimita 15 pembeni mwa alama. Kata udongo kwa umbo la kiatu cha farasi, ukiacha upande mmoja wa majani umeshikana, ufunue kama jalada. Ingia kwa kuelekea kitu kutoka ubavuni. Usipige koleo juu yake moja kwa moja. Usitumie sururu. Usishuke chini ya udongo unaofikiwa na jembe la trekta, kama sentimita 25, kwa kuwa chini ya hapo vitu viko mahali vilipoachwa na ni kazi ya wanaakiolojia. Chunguza shimo tena baada ya kutoa kitu, rudisha udongo, kanyaga.

Wakati mzuri ni baada ya mavuno, mwezi wa nane na wa tisa, shamba likiwa na mabua. Udongo mfinyanzi wa Suffolk ukikauka huwa mgumu kama tofali na kina cha mashine hupungua, hivyo subiri mvua ya siku moja au mbili.

6. Kutambua ulichokipata

Maganda ya risasi ni mengi kuliko kitu kingine chochote, na kitako chake husomeka kama barua. Ganda la .303 la Waingereza lina milimita 56. Lile la .50 la bunduki za Browning lina 99, na la mzinga wa milimita 20 wa Hispano lina 110. Kwenye la .50 herufi hutaja kiwanda: SL ni St. Louis, LC ni Lake City, DM ni Des Moines, TW ni Twin Cities. Tarakimu ni mwaka, 42 au 43, na mengine ya 1944 yana 4 peke yake. Yakikutwa kando ya maegesho pamoja na viungo vya chuma vya mkanda, mara nyingi yalifagiliwa kutoka ndani ya ndege iliyorudi.

Vibati vya utambulisho vya Wamarekani ni vya metali na vinadumu. Vyenye jina na anwani ya ndugu wa karibu vilifuata utaratibu uliokoma Julai 1943. Baada ya hapo mistari hiyo iliondolewa. Namba inayoanza na O ni ya ofisa, inayoanza na 1 ni ya aliyejitolea, na 3 ni ya aliyeandikishwa kwa lazima. Vibati vya Waingereza vilikuwa vya nyuzi zilizoshindiliwa, chekundu na cha kijani, hivyo kigunduzi hakivioni. Usishangae kiwanja cha RAF kisipotoa hata kimoja.

Beji za RAF zina taji la mfalme, na vifungo vina jina la mtengenezaji mgongoni, kwa mfano Gaunt au Firmin. Diski za kola za Wamarekani zina upana wa inchi moja hivi, na mabawa ya marubani yaliyotengenezwa kwa fedha huwa na neno STERLING nyuma. Sarafu za fedha za Uingereza za 1920 hadi 1946 zina nusu fedha tu, hivyo hutoka ardhini zimefifia kuliko unavyotarajia.

Kwenye vipande vya ndege tafuta alama kabla ya kusafisha. Wino wa ALCLAD 24ST ni wa alumini ya Kimarekani, na herufi AM zenye taji ni za vifaa vya Wizara ya Anga. Rangi ya njano-kijani ndani ya bati ni kinga ya kutu ya Wamarekani, nayo, kama wino, inaweza kutoka kipande kikisuguliwa. Ndiyo maana kipande hakisuguliwi uwanjani.

7. Vinavyoua

Ganda lenye kichwa bado ni risasi hai, hata kama limeoza na hata kama fataki ya kitako ina alama ya kupigwa. Rangi za ncha za .50 ni nyeusi kwa ya kutoboa chuma, nyekundu kwa ya kuacha mwanga, buluu kwa ya moto, na ya fedha kwa ya kutoboa na kuwasha. Baadhi ya risasi za moto za Waingereza zilijazwa fosforasi. Kuwa nazo bila cheti cha silaha ni kosa. Ziache, andika mahali, piga polisi 101.

Bomu la moto la ratili nne ni kijiti cha magnesi chenye pande sita, cha karibu nusu mita pamoja na mkia. Baadhi yalifungwa baruti ya kuua wazima moto, na kwa macho huwezi kuyatofautisha yakiwa yameoza. Chupa za fosforasi za Walinzi wa Nyumbani (jeshi la raia wa kujitolea) ni hatari kwa namna nyingine: zilizikwa kwenye makreti mwaka 1940 na 1941, ni za glasi, na kigunduzi kinasikia kifuniko tu, kama cha soda. Mfululizo wa milio ya vifuniko vya soda iliyojipanga kwa mistari ni sababu ya kuondoka. Koleo likivunja chupa, fosforasi huwaka yenyewe ikikutana na hewa.

Viwanja vilivyokuwepo 1940 huenda viliwekewa mabomba ya baruti chini ya njia za kurukia, ili zilipuliwe Wajerumani wakivamia. Mwaka 2006 mabomba 20 yalikutwa Lee-on-Solent, ya urefu wa mita 18 hivi, na mamia ya wakazi walihamishwa wakati wa kuyatoa. Bomba refu jembamba linalopita kuvuka njia ya kurukia si la maji.

Mwaka 2017 wakusanyaji walichimbua vyombo vya gesi ya haradali msituni karibu na Woodhall Spa, Lincolnshire, wakavipeleka nyumbani. Watu walitibiwa kwa majeraha, ziwa likapekuliwa na wazamiaji, na kesi ikaishia kwenye hukumu. Chombo chochote kilichofungwa, chenye kioevu au harufu ya kitunguu saumu, kiache. Gesi hiyo huunguza bila maumivu ya mara moja. Malengelenge hutokea saa kadhaa baadaye, wakati tayari umegusa usukani, mlango na watoto.

Kuhusu kipimo cha mionzi: namba na mishale ya saa za vipimo za ndani ya ndege ilipakwa radiamu ili ing'ae gizani. Mng'ao ulishakufa kwa sababu kemikali iliyokuwa ikiwaka imechakaa, ila radiamu hupungua nusu kwa miaka 1,600 hivi. Ufuo wa Dalgety Bay, Scotland, uligundulika kuwa na chembe hizo mwaka 1990, zikitokana na saa za ndege zilizochomwa na kutupwa. Kwenye shimo la majivu pita na kipimo kabla ya mikono. Saa yenye kioo kilichovunjika haifunguliwi, haipulizwi vumbi, haiingii nyumbani. Mjulishe mwenye ardhi na Environment Agency.

Ukikuta bomu, fyuzi au usichokijua: usikiguse tena, usikifunike, weka alama hatua chache kando, rudi kwa njia uliyojia, toka mita 100 au zaidi, kisha piga 999 ukiwa na namba za gridi. Ukikuta mifupa, hatua ni zilezile.

8. Kusafisha na kuandika

Mpe kila kitu namba, gridi ya tarakimu kumi, kina na tarehe hapohapo. Kifungo bila mahali ni kifungo tu. Chenye mahali kinaonyesha kibanda kipi kilikuwa cha kikosi kipi. Nakala ya orodha mpe mwenye ardhi, na kitu cha kale zaidi ya vita kionyeshe kwa afisa wa kaunti wa Portable Antiquities Scheme, mpango wa kuandikisha vitu vya kale, maana jembe huchanganya zama zote.

Shaba na fedha: maji yaliyosafishwa, mswaki laini, basi. Alumini: ikauke polepole kivulini, uondoe unga mweupe kwa kijiti cha mbao. Soda kali huiyeyusha, na siki huila, hivyo mapishi ya mtandaoni ya kung'arisha yasiifikie. Chuma kigumu kinaweza kusafishwa kwa umeme wa volti 12 ndani ya maji yenye soda ya kufulia, kijiko kimoja cha chakula kwa lita nne. Ncha chanya iwe ya chuma cha kawaida. Kisichoshika kutu hutoa sumu ya kromi ndani ya maji. Fanyia nje, kwa kuwa hidrojeni inayotoka huwaka. Mchakato huu usitumike kwa alumini, kwa kitu chenye rangi, wala kwa kitu chochote kilicho na uwazi uliofungwa ndani. Baada ya hapo suuza kwa maji yaliyosafishwa, kausha kwa joto la nyuzi 100 hivi, na pakaa nta kikiwa bado cha moto.

Kibati chenye jina kisifike sokoni. Linganisha namba na orodha za American Air Museum, mweleze mwenye ardhi, na utafute familia kupitia jumuiya ya kikosi husika. Picha ya kibati, namba ya gridi na mchoro wa kibanda kilipokutwa viende pamoja nacho.